Rolbaa imechomelewa ndani ya gari, rangi yetu ya kwanza ikafa ndani ya wiki sita: kisa kizima

Naandika hiki kisa kirefu kidogo maana watu wananiuliza swali lile lile, keji (rolbaa, yaani fremu ya mabomba ya chuma ya kulinda watu gari likibiringika) ishachomelewa ndani ya gari, je nipake rangi mwenyewe au nimpelekee fundi, na jibu langu siku hizi ni kwamba utapaka mwenyewe vizuri tu, tena vizuri kuliko fundi mwenye foleni ya magari matano, ila ukianza na upande unaoonekana umeshapotea. Sisi tulianzia huko huko kwenye upande unaoonekana.

Gari ni Subaru Impreza GC8 ya mdogo wangu, tuko Dar. Wikendi anakimbizana na wenzake kwenye uwanja wa vumbi, siku zingine linalala uani chini ya turubai. Alichomelea keji ya nyuma, yaani tao kubwa nyuma ya siti za mbele, bomba la mshazari katikati ya tao, miguu miwili inayoteremka mpaka pale shokapu za nyuma zinapofungwa, na bomba moja la kulala la kufungia mikanda. Siti ya nyuma ikatoka moja kwa moja. Tao ni bomba la milimita 45 unene 2.5, mengine 40 kwa 2. Hizo namba zimo kwenye kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), kiambatisho J ibara ya 253, bomba lisilo na mshono lililovutwa baridi. Nazitaja kwa sababu nimeona watu wanaweka bomba la geti ndani ya gari wanalipaka rangi linang'aa, na kwa macho kweli halina tofauti, lakini gari likibiringika rangi haiokoi mtu.

Fundi wa kuchomelea simtaji, na weldi zake ni safi kabisa. Alimaliza Alhamisi jioni, Ijumaa hatukugusa kitu. Jumamosi asubuhi nafungua mlango nakuta kwenye bomba la mshazari kuna alama nne za vidole na kidole gumba, rangi ya chungwa, zimechorwa mpaka mistari ya ngozi unaihesabu. Ni mkono wa mtu aliyeshika bomba wakati wa kulipachika, jasho likakaa pale siku mbili na hewa ya bahari ikafanya yaliyobaki. Bomba za aina hii zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, ukishayafuta au moto wa weldi ukishayaunguza chuma kinabaki uchi, na chuma uchi huku pwani hakikusubiri. Zile alama zilitakiwa zituambie tuache haraka tufikirie. Tukazisugua na msasa zikatoka, tukaendelea.

Tulichofanya siku ile ni hiki. Msasa namba 120 kila mahali mkono ulipofika, tukafuta na petroli kwa sababu ndo ilikuwepo, tukapaka red oksaidi ya mafuta (rangi nyekundu ya msingi), ile ile ya mageti, kwa brashi. Baada ya masaa mawili ukigusa haishiki kidole. Mdogo wangu akasema, "Kaka, tupulizie kabisa leo, kompresa ya watu inarudi kesho." Tukachanganya rangi nyeusi ya NC (ya nitroselulosi, inayokauka haraka) na thina, tukapuliza. Hazikupita dakika tano nikaona sehemu ya juu ya tao inaanza kusinyaa, rangi inajikunja mikunjo midogo midogo, kama malai juu ya maziwa ya moto ukiyapuliza upate kunywa. Kisha bomba la mshazari, kisha miguu yote miwili. Tumesimama tunaangalia tu hatujui tufanye nini.

Sababu yake ni rahisi na mafundi wa bodi wanaijua toka siku ya kwanza ya kazi. Rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta hewa polepole, juu inafunga ngozi lakini ndani inabaki laini siku kadhaa, sasa ukiimwagia rangi ya NC yenye thina kali, ile thina inapenya ngozi inavimbisha ile laini ya chini na yote inanyanyuka. Rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya NC iliyokauka, kinyume chake ni hatari. Halafu ilikuwa Aprili, masika yenyewe, na pale rangi ilipokuwa haijajikunja iligeuka weupe fulani kama imepumuliwa. Ule ni unyevu. Thina inapopaa haraka inapoza uso wa rangi, maji yaliyo hewani yanatua juu yake yanabaki yamenaswa humo ndani. Siku ya mvua Dar usipulize NC kama huna thina ya kuchelewesha.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu hili linanigusa kuliko rangi yenyewe. Tulifunga milango vumbi lisiingie. Mdogo wangu yuko ndani na spreigani, kajifunga kitambaa puani. Alipotoka anayumba, macho mekundu, kichwa kikamuuma mpaka kesho yake mchana. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa sakafuni mwa gari kama maji kwenye beseni, na ndani ya gari hauna pa kutokea. GC8 tangi la mafuta liko upande wa nyuma chini ya sakafu, na siti imetoka. Na betri hatukutoa. Nilipovuta mlango kumsaidia atoke taa ya ndani ikawaka, na swichi ya ile taa ya mlangoni inaweza kutoa cheche ndogo, na cheche ndogo ndo yote inayohitajika. Nilikuja kulifikiria usiku nikashindwa kulala. Kwa hiyo kabla ya tepu, kabla ya msasa, betri inatoka kabisa inawekwa mbali, milango yote minne na buti wazi, feni inavuta hewa ikiwa nje ya gari na siyo ndani, na anayepaka awe na mtu wa kumwita kila dakika chache.

Turudi kwenye rangi. Tulikwangua mikunjo, tukasubiri wiki, tukapaka nyeusi ya mafuta kwa brashi, ikapendeza. Watu wakapiga picha.

Wiki sita baadaye mdogo wangu ananiita, kitambaa cha silingi juu ya dirisha la kulia kina mstari wa kahawia. Nikachukua kile kioo kidogo cha mama cha kujipodolea na tochi ya simu, nikakiingiza kati ya tao na paa. Nafasi ya pale ni kidole kimoja, kidole changu hakipiti vizuri. Nilichokiona kwenye kioo ni kutu tupu, kuanzia kona ya kushoto mpaka ya kulia, nyekundu na mbichi, imeanza kumenyeka magamba. Nilidhani nitakuta rangi imechubuka. Hapakuwa na rangi kabisa, wala red oksaidi. Mara zote, kwa brashi na kwa spreigani, tulipaka uso unaotutazama na pembeni kidogo, mgongo wa bomba haukuwahi kuona hata tone. Usiku umande unaganda chini ya bati la paa, unadondokea pale, asubuhi jua linapasha, usiku tena.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta na nikapata pengine. Miguu ya tao imesimama juu ya pleti zilizochomelewa sakafuni, na pembezoni mwa pleti, kati ya weldi na weldi, kuna ufa mwembamba kama unene wa karatasi, maji ya viatu yameingia yamekaa humo. Tukalala chini ya gari. Hapo ndo nilipokasirika kweli, maana kosa la huko hakuna anayelisema. Unapochomelea pleti juu ya sakafu, joto linapita upande wa pili, lami ya chini ya gari inaungua inakuwa mkaa, rangi ya kiwandani inaungua, na ukitazama kutoka ndani huoni lolote. Kwetu pale chini ya kila mguu palikuwa na duara la ukubwa wa sahani, lami imepukutika, bati la kahawia, maji ya madimbwi yameshapita hapo mara mia. Yaani keji mpya imekaa juu ya sakafu inayooza. Nguvu ya keji yote inaishia kwenye lile bati.

Kuna mzee fundi wa bodi mtaani kwetu, kazi hii anaifanya toka sijazaliwa. Nikaenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, ile Subaru?" Alikuja na kiti chake akakaa, hakugusa kitu, akasema maneno mawili tu ambayo yalibadilisha kazi nzima. La kwanza, pale pasipofika brashi mpelekee kitambaa. La pili, chuma ukishakisafisha usikiache kilale uchi, hata kama ni saa nne usiku kipe praima (rangi ya kwanza ya kushika chuma).

Mara ya pili tulifanya hivi. Siti, kapeti, mikanda na kitambaa cha silingi vyote nje. Dashibodi na vioo tukafunika kwa nailoni na tepu ya karatasi, magazeti hayatoshi maana rangi ikidondoka inapenya. Mbele ya tao tukaning'iniza shuka kutoka juu mpaka chini ili sehemu ya dereva ibaki safi.

Kusafisha mgongo wa tao ndo sehemu niliyoipenda. Unachukua msasa wa kitambaa, ule unaouzwa umeviringishwa, namba 80, unakata mkanda wa upana wa vidole viwili na urefu wa mkono, unaupitisha nyuma ya bomba kwenye ile nafasi finyu, unashika ncha mbili unavuta huku na huku kama wale vijana wanaong'arisha viatu stendi. Unasogea kidogo unarudia. Bomba linalia, kutu inadondoka kama unga wa uwele, na ukiangalia kwenye kioo unaona chuma kinageuka cheupe. Tao zima lilituchukua asubuhi nzima, na mikono ilituuma siku mbili. Kisha namba 180 mkanda ule ule mara moja ili kuondoa mikwaruzo mikubwa, usiende laini zaidi ya hapo, praima inahitaji pa kushika.

Kwenye weldi kuna kitu kidogo ambacho kinaua rangi nyingi. Ukichomelea kwa mashine ya mig (inayolisha waya yenyewe) ukiangalia karibu juu ya mstari wa weldi utaona vidoa vya kahawia vinang'aa kama vioo vidogo. Ni masalia yanayoelea juu ya chuma kikiwa uji kisha yanaganda. Rangi ikikaa juu ya hivyo vidoa inakaa juu ya kioo, siku gari likitikisika kioo kinaruka na rangi yake, na hapo hapo kutu inaanza. Vitoe kwa ncha ya patasi na brashi ya waya kimoja kimoja. Matone ya weldi yaliyorukia pembeni pia yatoe. Lakini weldi yenyewe usiisawazishe na grenda ili iwe nyororo, unakula chuma kinachoshikilia keji, na usipake puti (ule uji mzito wa kusawazishia bodi) juu yake, puti inaficha ufa. Mkaguzi wa mashindano akiona weldi imefunikwa puti ana haki ya kukurudisha nyumbani.

Kufuta tulitumia vitambaa viwili, kimoja kina thina kinafuta, cha pili kikavu kinafuata kabla thina haijakauka. Ukitumia kimoja unahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Petroli tuliyotumia mwanzo inaacha mafuta yake yenyewe, mbali na hatari. Kuanzia hapo hakuna aliyegusa bomba bila glavu, mnakumbuka vile vidole.

Praima tulichagua epoksi ya vikopo viwili, inayopakika kwa brashi, siyo ya kupuliza. Inashika chuma uchi vizuri na haipitishi unyevu kirahisi kama red oksaidi. Hadina yake (kopo la pili, la kuigandisha) ikikugusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuletea mzio, kwa hiyo glavu lazima na mikono mirefu. Mgongo wa tao tukaupaka kwa njia ile ile ya msasa, kitambaa cha pamba kimeloweshwa praima, kinapita nyuma ya bomba, vuta huku vuta huku. Sehemu zenye nafasi tulivaa soksi. Glavu ya mpira ndani, soksi kuukuu ya pamba juu, unachovya, unakamua kidogo, unalikumbatia bomba kwa kiganja unateleza nalo. Mkono unapaka pande zote kwa mara moja, matone hayadondoki ukikamua vizuri, na kona za makutano ya bomba tatu ambazo brashi inaacha vitobo, kidole ndani ya soksi kinaingia. Brashi ndogo tuliitumia kwenye weldi tu. Kila hatua, kioo na tochi.

Praima ilipokauka tukazungushia silanti (gundi ya kuziba mianya) pembezoni mwa pleti zote, ule ufa wa karatasi ukafungwa. Chini ya gari tukakwangua lami mpaka kufikia lami nzima iliyoshika vizuri, brashi ya waya, epoksi mara mbili, silanti kwenye mishono, halafu lami mpya. Ndani ya vizingiti vya milango, mahali moto ulifika lakini mkono haufiki, tukapuliza nta kwa mrija kupitia matundu yaliyopo. Hii ya chini ilichukua siku mbili peke yake na hakuna mtu atakayeipiga picha, lakini ukiniuliza nifanye sehemu moja tu ya kazi hii kwa makini, nitakwambia chini.

Rangi ya juu ni ya mafuta, kijivu cheupe, soksi na karola kadogo ka sponji, mikono miwili myembamba, yaani kupaka mara mbili. Mdogo wangu alitaka nyeusi tena na tulibishana. Nyeusi inaficha ufa na kutu mpaka vimekomaa, kijivu cheupe ufa wa unywele unaonekana kwa tochi, na ndiyo maana ukichungulia ndani ya magari mengi ya rali unakuta kijivu au nyeupe. Halafu gari letu linashinda juani. Kama una keji ya mbele inayopita kando ya kioo, hapo weka kijivu kisichong'aa, nyeupe inarudi kwenye kioo mchana unashindwa kuona.

Kuhusu zile rangi za 2K za kuchanganya na hadina, ambazo ndizo zinazong'aa na kudumu kuliko zote, msimamo wangu ni mmoja, usipulize ndani ya gari nyumbani. Hadina yake ina kemikali ya isosayanati, inaweza kuharibu mapafu na kuleta pumu isiyoondoka, na haina harufu ya kukuonya kwamba barakoa imeshindwa. Wanaoipuliza kwa usalama wanavaa vifaa vinavyoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Na rangi ya unga inayookwa nayo haiwezekani, inaiva kwenye joto la karibu nyuzi 200, keji ishakuwa sehemu ya gari huwezi kuitia kwenye tanuri pamoja na vioo na nyaya.

Vipimo. Bomba zote za keji yetu ukizinyoosha ni karibu mita 9, mzunguko wa bomba la 45 ni sentimita 14, eneo lote kama mita moja na robo ya mraba. Lita moja ya rangi ya mafuta inafunika mita kumi za mraba au zaidi, kwa hiyo robo lita inatosha mikono miwili na nyingine inamwagikia soksi. Sisi mara ya kwanza tulinunua galoni ya lita nne. Ipo bado.

Kosa ambalo nisingerudia kama tungeanza upya liko kabla ya rangi. Fundi alijenga miguu ya tao juu ya visanduku vya chuma, na kabla ya kuvisukumia visanduku chini ya miguu, tao lilishuka chini kwa muda ili apate kuchomelea makutano ya juu mzunguko mzima. Pale nafasi kati ya tao na paa ilikuwa kiganja kizima. Nilikuwepo nimesimama na soda mkononi. Dakika ishirini za brashi wakati ule, tukiacha vidole vitatu vya chuma uchi kila panapochomelewa, zingetuokolea ile asubuhi nzima ya kung'arisha viatu. Kama bado hujachomelea, ongea na fundi wako leo, mwambie tao likishuka akupigie simu.

Padi, zile sponji zinazofungwa kwenye bomba, tulisubiri wiki mbili ndo tukazifunga, maana rangi ya mafuta mbichi chini ya padi haikauki, inashikana na sponji. Mahali helmeti inaweza kugusa, kanuni zinataka padi za kiwango cha FIA 8857-2001 aina ya A, ni ngumu kuliko sponji ya kawaida, na ni ngumu kwa makusudi, zimetengenezwa kwa ajili ya kichwa chenye helmeti. Kichwa kitupu kikigonga bomba la chuma karibu na sikio kwenye ajali ndogo tu ya foleni ni balaa, padi iwepo isiwepo. Kwa hiyo tulikubaliana gari hili halibebi familia na siti za mbele zimesogezwa, na kwenda uwanjani linapanda juu ya roli.

Sa hivi masika mengine yamepita. Juzi nilizunguka na kioo cha mama, mgongo wa tao ni kijivu mwanzo mpaka mwisho, chini ya gari lami imekaa. Nilichokuta ni doa moja kama punje ya mtama kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, kibano cha mkanda kimesugua rangi mpaka chuma. Nimeshalipanguza hilo doa na kulipaka epoksi usiku ule ule, Jumamosi tunaweka kipande cha mpira chini ya kibano kisha kijivu.